Zaatari ya Mwitu ya Milima ya Uhabeshi: Namna ya Kuitambua, Kuivuna na Kuitunza

Mtu atakaye kulitumia jani la mwitu kwa chakula, kwa kinywaji au kwa biashara hana budi kwanza kulijua jani lenyewe. Na kulijua si kushika jina lake tu wala kuzoea harufu yake tu, bali ni kufahamu jinsi lilivyoumbwa, jinsi mmea wake unavyokaa juu ya ardhi, unavyojikinga na jua na baridi, na unavyozaa kizazi chake. Kanuni za kuvuna, kukausha na kupanda hazikutungwa na watu kwa kubahatisha. Zimo ndani ya umbo la mmea, na kazi ya mtu mwenye akili ni kuzisoma humo kabla hajaushika mundu. Nakusudia kulithibitisha neno hili kwa mmea mmoja mdogo, wenye manukato mengi na maadui wengi, nao ni zaatari ya mwitu ya milima ya Uhabeshi, ambayo wataalamu wa mimea huiita Thymus schimperi na wasemaji wa Kiamhari huiita tosinyi.

Jamaa za zaatari, au thaimu kama wengi waiitavyo leo, ni nyingi mno katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, Ulaya na Asia ya Magharibi. Lakini katika Afrika ya kusini ya Jangwa la Sahara zaatari ya asili imejikita katika nyanda za juu za Uhabeshi, na huko zatajwa aina mbili, Thymus serrulatus na hii tunayoizungumza. Jina schimperi limetokana na Wilhelm Schimper, mkusanyaji wa mimea wa Kijerumani aliyefika Uhabeshi mwaka 1837 na kukaa huko mpaka alipofariki mwaka 1878. Zaatari hii huota tangu kimo cha mita 2,200 hivi hata karibu na mita 4,000, kutoka milima ya Bale upande wa kusini hata Shewa, Wollo na Gondar. Juu ya uwanda wa Sanetti ulioko Bale, ambako jua la mchana huchoma ngozi na usiku jalidi huyafunika mawe kwa weupe, hapaoti mti mrefu. Na mmea utakao kuishi mahali kama hapo sharti uinamie ardhi, upunguze majani, uimarishe shina na uweke akiba yake chini. Yote hayo zaatari imeyafanya, na kila moja ni somo kwa mvunaji.

Tuanze na kuitambua, maana ajali nyingi za watu wachumao dawa na viungo porini hutokana na kuchuma kisichokusudiwa. Twaa kijitawi kichanga, ukisokote polepole baina ya kidole gumba na cha shahada: utasikia kona nne, kwa kuwa shina la zaatari ni la mraba kama lilivyo shina la mrihani, ambao kila mtu wa pwani aujua, na la nanaa, ambayo nayo ni ndugu yake. Kisha tazama majani yalivyopangika: hutoka mawili mawili, jani likielekeana na jani, na jozi inayofuata hukingamana na ile iliyotangulia. Jani lenyewe ni dogo, la milimita chache tu na aghalabu halizidi sentimita moja, ukingo wake hauna meno, na kikonyo chake ni kifupi. Sehemu ya chini ya mmea ni ngumu kama mti, rangi yake ya hudhurungi, na kutoka hapo matawi membamba hutambaa na kuinuka kidogo, hata mmea mzima ukaitandika ardhi kama jamvi, wala aghalabu haupiti sentimita arobaini kwenda juu.

Dalili hizo bado hazitoshi, kwa sababu shina la mraba na majani yaelekeanayo ni mali ya ukoo mzima, na ukoo huo una mimea elfu kadhaa. Liinue jani moja mbele ya jua, na ukiwa na lenzi ya kukuzia ni bora zaidi: utaona vitone vingi vinavyong'aa, kama kwamba jani limetobolewa kwa ncha ya sindano. Hivyo ni vijitezi vya mafuta, navyo vimo juu ya ngozi ya jani, si ndani ya moyo wake. Kisha liangalie ua. Maua ni madogo, ya rangi ya waridi au zambarau, yamesongamana kwenye ncha za matawi. Kila ua lina midomo miwili, na ndani yake mna stameni nne. Kikombe cha kijani kinachoshika ua nacho kina midomo miwili: wa juu una meno matatu mafupi, na wa chini una meno mawili marefu, membamba, yenye nywele pembezoni. Ua likisha kunyauka na kuanguka, kipasue kikombe hicho kwa ukucha, utaona ajabu moja ya Muumba: kooni mwake mna pazia la nywele nyeupe, na nyuma ya pazia vimekaa vijikokwa vinne vidogo sana, ndizo mbegu. Mmea uliokusanya dalili zote hizo, shina, jani, vitone, ua na kikombe, waweza kuutia katika kikapu chako bila wasiwasi. Mmea uliopungukiwa na moja, uache hata utakapompata mjuzi wa kuuliza.

Harufu nimeiacha mwisho kwa makusudi. Wengi huamini kwamba pua yatosha kuitambua zaatari, lakini pua ni shahidi wa kusaidia, si kadhi wa kuhukumu. Mafuta ya zaatari yana viini vingi, na vilivyo mashuhuri ni viwili, thimoli na kavakroli, ambavyo kwa hesabu ya kemia vimejengwa kwa viungo vilevile na kwa idadi ileile, ila mpangilio wake ndio unaotofautiana. Katika mmea wa mteremko mmoja thimoli yaweza kushinda, na katika mmea wa mteremko mwingine kavakroli ikashinda, hali mimea yote miwili ni ya aina moja. Kwa hiyo mpishi akinunua zaatari ya Bale leo na ya Shewa kesho asistaajabu harufu zikihitilafiana, wala asishike kipimo kimoja kwa zote. Atie kidogo, aonje, ndipo aongeze. Na mfanyabiashara atakaye kuwapa wateja wake ladha isiyobadilika, afadhali ashikamane na mahali pamoja na wavunaji walewale.

Sasa tuje kwenye kuvuna, jambo ambalo ndani yake mna shari kubwa kuliko yote. Zaatari hii kwa sehemu kubwa haipandwi bali huchumwa mwituni, ikafungwa mafungu na kupelekwa masokoni. Na kwa kuwa mmea ni mfupi na ardhi yake ni ya mawe na udongo haba, mkono wenye haraka hupenda kuushika mmea mzima na kuung'oa pamoja na mizizi. Tazama hasara inayofuata. Kwanza, mmea umekufa. Pili, udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ile umelegea, na mvua ya kwanza itaushusha bondeni. Tatu, matawi yaliyokuwa tayari kuzaa mbegu yamekwenda sokoni kabla hayajaacha warithi. Na yote hayo kwa faida gani? Mizizi haina harufu ya kumfaa mpishi. Hukatwa na kutupwa jikoni. Aliyeng'oa ameangamiza mtaji ili auze kitu kisichonunulika.

Njia iliyo sawa imo katika umbo la mmea. Umeona kwamba chini ni mti mgumu na juu ni majani laini: basi mpaka wa mundu ni hapo pawili hapo panapokutana. Kata kwa mkasi au kisu kikali sehemu ya kijani peke yake, uache vidole viwili au vitatu vya matawi yenye majani juu ya mti, kwa sababu mti mkavu wa zaatari ukikatwa hata chini hauchipui kwa urahisi, bali majani yaliyobaki ndiyo yatakayoulisha mmea hata ujirudishe. Usizidishe nusu ya mmea mmoja, na katika kundi la mimea ruka mingine usiiguse, hasa iliyojaa maua. Wakati ulio bora ni pale maua yanapoanza kufunguka, kabla hayajaenea yote, kwani ndipo manukato yanapokuwa mengi. Na saa iliyo bora ni asubuhi baada ya umande kukauka, kabla jua halijawa kali.

Ipo sababu nyingine ya kuruka mimea, ambayo jicho la haraka halioni. Katika jamaa nyingi za zaatari mimea haifanani kwa kuzaa: mingine ina maua yenye sehemu za kiume na za kike pamoja, na mingine ina maua ya kike peke yake, ambayo aghalabu ni madogo zaidi. Ile ya kike haina chavua yake. Huitegemea jirani, na nyuki ndiye mjumbe. Mvunaji anayelifyeka eneo lote lenye maua makubwa kwa kuwa lapendeza macho, huenda akaiacha mimea ya kike bila mwenzi. Basi acha mchanganyiko, acha maua, waachie nyuki kazi yao, nawe utapata malipo yako katika mbegu za mwaka ujao.

Watu wa milimani wenyewe hawakosi hekima ya namna hii. Huko Menz, katika Shewa ya Kaskazini, wakulima walianzisha tangu karne ya 17 desturi iitwayo kero, ya kuulinda uwanda wa Guassa, ambako hutoka majani ya kuezekea nyumba, kuni na malisho. Uwanda ulifungwa kwa miaka kadhaa, mtu asikate wala asichunge, chini ya mkuu aliyechaguliwa na jamaa zenye haki ya ardhi. Na majani yalipokuwa yamekomaa ulifunguliwa kwa siku zilizojulikana, kisha ukafungwa tena. Desturi hiyo ilivunjika nguvu baada ya sheria ya ardhi ya mwaka 1975, lakini wenyeji hawakuuacha uwanda wao upotee. Waliunda kamati za kuulinda kwa taratibu mpya. Nautaja mfano huu kwa kuwa zaatari yahitaji utaratibu wa jinsi hiyo: shirika la wavunaji ligawe mteremko mafungu matatu, fungu moja livunwe na mawili yapumzike, na zamu igeuke kila msimu. Mtu mmoja mwenye insafu hawezi kuuponya mlima ambao majirani zake wote wanaung'oa. Mapatano ndiyo dawa.

Nawe mnunuzi usijione umeepukana na jukumu kwa kuwa hukukata wewe. Fungu la zaatari likiletwa mbele yako sokoni, ligeuze, ulitazame upande wa chini. Ukiona ncha zilizokatwa safi, za kijani au hudhurungi isiyokolea, jua kwamba mkono uliovuna ulikuwa na adabu. Ukiona mizizi yenye nyuzi nyuzi, mchanga na vipande vinene vya mti, jua kwamba fungu hilo ni mmea uliokufa. Mweleze muuzaji kwa upole sababu ya kulikataa, na ulipe bei iliyo juu kidogo kwa fungu lililokatwa vizuri, kwani muuzaji husikiliza zaidi kinachosemwa na fedha kuliko kinachosemwa na nasaha.

Katika kukausha, vitone ulivyoviona juu ya jani ndivyo vitakavyokuongoza. Maadamu mafuta yamo juu ya ngozi na si ndani, jua kali na joto la jiko huyarusha hewani kabla jani halijakauka, na utakachobaki nacho ni majani yasiyo na uhai. Anika kivulini, mahali penye upepo, juu ya chekeche au kitambaa safi kilichoinuliwa kutoka chini, na utandaze kwa wembamba ili majani yasilundikane na kuvunda. Au funga vishada vidogo uvitundike vichwa chini. Ukilazimika kutumia joto, lisizidi digrii 40 za Selsiasi. Zaatari imekauka sawasawa pale kijitawi kinapovunjika kwa mlio kikikunjwa, na majani yanapopukutika kwa kuguswa. Yapukute, uyachague vijiti, kisha uyatie yakiwa mazima katika chupa au mkebe wenye kifuniko kinachobana, uweke gizani pasipo unyevu. Usiyasage mapema: kila jani likisagwa vijitezi hupasuka, na kilichopasuka leo hakitakuwapo mwezi ujao. Saga kiasi cha chungu cha siku hiyo.

Wahabeshi huitumia zaatari hii katika chai, katika mchuzi wa nyama, katika shiro, ambao ni mchuzi mzito wa unga wa mbegu za jamii ya kunde, na katika mchanganyiko wa pilipili na viungo uitwao berbere. Kwa chai, kijiko kidogo kimoja cha majani makavu chatosha kikombe kimoja: mimina maji yaliyochemka, funika mara moja, usubiri baina ya dakika tano na kumi. Kufunika si pambo. Mvuke unaotoka kikombeni ndio unaoyachukua mafuta, na ukiufungia chini ya kifuniko hurudi ndani kuwa matone. Katika chakula, zaatari huvumilia moto wa polepole, kwa hiyo itie mapema katika maharage, dengu au nyama, nayo itaenea taratibu chunguni.

Ama kwa habari ya dawa, natamani kila msomaji aniamini katika neno hili. Chai ya zaatari kwa kiasi cha chakula ni jambo moja. Mafuta yaliyotolewa katika zaatari ni jambo jingine kabisa, maana ndani ya matone machache mna nguvu ya majani mengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa majimbo ya kusini ya Marekani waliwapa wagonjwa wa safura thimoli safi, na minyoo ilitoka kweli. Lakini dawa hiyo ilitaka uangalizi mkali, mgonjwa akikatazwa pombe na mafuta ili thimoli isiingie katika damu kwa wingi na kumdhuru, na ilipopatikana dawa salama zaidi thimoli iliwekwa kando. Ikiwa madaktari waliokuwa na mizani mikononi mwao waliiogopa, itakuwaje kwa mtu wa nyumbani anayepima kwa kijiko? Basi usinywe mafuta ya zaatari, usimpe mtoto, na mwanamke mwenye mimba asizidishe kiasi cha kiungo cha chakula. Mwenye kikohozi kisichopona, mwenye presha na mwenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara afike hospitali, na chai yake imfuate kama kinywaji, si kama tabibu.

Lililobaki ni kupanda, nalo ndilo tumaini kubwa la kuiokoa zaatari ya mwitu, kwa kuwa kila shada litakalotoka shambani litauacha mmea mmoja mlimani. Umbo la mmea latufundisha hapa pia. Mbegu ni ndogo mno, haina akiba ya kuusukuma mche kutoka kilindini. Kwa hiyo inyunyize juu ya udongo laini, uikandamize kwa kiganja, usiifukie, na uilowanishe kwa maji ya mnyunyizo mwembamba. Njia ya vipandikizi ni nyepesi zaidi: kata ncha changa zisizo na maua, za sentimita saba hata kumi, ondoa majani ya nusu ya chini, uzichomeke katika mchanganyiko wa mchanga na udongo, uziweke kivulini hata ziote mizizi, ndipo uzihamishe, kila mche mbali na mwenziwe kwa sentimita 30 hivi. Jani dogo ni alama ya mmea uliozoea ukame, na mmea uliozoea mawe huoza miguu ikilowa; basi chagua mahali penye jua, inua tuta, changanya changarawe, punguza samadi, na mwagilia pale tu udongo wa juu unapokuwa umekauka. Mbolea nyingi hukuza majani marefu, mepesi, yasiyo na harufu.

Msomaji wa Kenya au Tanzania asifikiri kwamba shauri hili lamtaka alete miche kutoka Bale ndani ya mfuko wake. Uhabeshi ina sheria, Tangazo namba 482 la mwaka 2006, linalolinda mimea yake ya asili na maarifa ya wenyeji juu ya mimea hiyo, na kuichukua bila ruhusa ni kuwadhulumu watu walioitunza. Licha ya hayo, udongo wa mche huweza kuleta magonjwa na wadudu wageni. Panda badala yake zaatari ya bustani, Thymus vulgaris, ambayo ni ndugu wa damu na hufuata kanuni zilezile. Hustawi vema katika nyanda za juu za Kenya, ambako wakulima huivuna kwa soko la nje, na katika miinuko ya Lushoto na Kilimanjaro. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, iweke katika chungu chenye matundu chini, mahali papigwapo na upepo, na wakati wa masika uikinge na mvua.

Nimeeleza mengi juu ya mmea usiofika magoti ya mtu, nami sioni kwamba nimezidisha. Mlima hauna sauti ya kumkataza anayeung'oa, wala sheria haina askari wa kusimama juu ya kila jiwe. Lililopo ni maarifa ya mvunaji, mapatano ya majirani, na jicho la mnunuzi aligeuzaye fungu kabla ya kulipa. Jifunze basi kuusoma mmea kabla ya kuukata, umfundishe mwanao na jirani yako, na kila wakati utakapoingia sokoni, anza kutazama pale palipokatwa.